Mnara usiojibu usifutwe kwenye orodha

Wakaaji wa Goma, Sake, Rutshuru na Masisi wanayajua vizuri maneno haya mawili: «Rezo imekata.» Mama aliyehama vita anasimama mbele ya kabini na simu mkononi. Mume wake amemtumia pesa kutoka Bukavu, lakini ujumbe hauingii, na mwenye kabini hawezi kumhesabia franga kama simu haijaonyesha kitu. Kijana anataka kujua kama wadogo zake waliobaki kijijini wangali wazima. Anapiga mara kumi, anaambiwa namba haipatikani. Kwa familia zilizotawanyika, simu si starehe. Mara nyingi ndiyo njia pekee iliyobaki wakati barabara zimefungwa.

Watu wengi hufikiri kwamba katika ofisi fulani kuna mtu anayeona yote papo hapo: mnara umezimika, taa nyekundu imewaka, fundi amekwisha kupanda pikipiki. Lakini mtu huyo haoni mnara wenyewe. Anaona kile ambacho programu ya kompyuta inamwonyesha. Programu ikichelewa, naye anachelewa. Akichelewa yeye, mazutu ya jenereta inachelewa, batri mpya inachelewa, na kijiji kinalala usiku mwingine bila sauti.

Kazi ya programu inayochunga mtandao ni rahisi kueleza. Kwa kawaida, kila dakika 5 inauliza kila chombo: uko mzima? Umeme unaingia? Batri imebaki kiasi gani? Mzigo uliopita kwako ni mkubwa kiasi gani? Lugha inayotumika sana kwa maswali hayo inaitwa SNMP, nayo ilitolewa mwaka 1988. Mtandao wenye vyombo 50 hauna shida. Shida huanza vyombo vikifika maelfu: antena, rauta, batri, jenereta, na vyombo vinavyorusha mawimbi kutoka kilima hadi kilima.

Hesabu yake ni hii. Programu ina vyombo 3000 na inauliza kimoja kimoja. Chombo kizima kinajibu kwa sehemu moja ya kumi ya sekunde. Vyote vikiwa vizima, mzunguko unamalizika kwa sekunde 300, yaani dakika 5 kamili. Sasa vyombo 100 vizimike. Programu haijui kama chombo kimekufa au kinakawia tu, basi inangoja sekunde 1, inauliza tena, inangoja tena, hadi mara 6. Hizo ni sekunde 6 kwa kila kimoja, sekunde 600 kwa vyote 100. Mzunguko wa dakika 5 umekuwa karibu dakika 15. Yaani siku ambayo mtandao ni mgonjwa zaidi ndiyo siku mchungaji wake anaona kidogo zaidi.

Mhami aliyewahi kupanga foleni ya mgao anaielewa hali hiyo bila kusoma kompyuta. Kiongozi wa bloki ameshika orodha, anaita majina. Kila jina lisiloitikiwa, anangoja, anarudia, anangoja tena. Waliopo wanachomwa na jua kwa sababu ya wasiokuwepo, na jioni inafika nusu ya orodha haijasomwa.

Mkubwa wa kazi akiona hivyo, wazo la kwanza ni kununua kompyuta yenye nguvu zaidi. Mara nyingi haisaidii sana, maana kompyuta haikuchoka, ilikuwa inangoja. Dawa ya kwanza ni kuongeza waitaji. Waitaji 30 wakigawana orodha ileile ya vyombo 3000, zile dakika 15 zinaweza kushuka hadi karibu nusu dakika, hata na wale 100 wasiojibu. Cacti, programu ya bure iliyoanza mwaka 2001, ilifuata njia hiyo: iliwekewa kiulizaji kiitwacho Spine, kinachouliza vyombo vingi kwa wakati mmoja.

Dawa ya pili ni kupunguza safari. Mtu anayechota maji mtoni kwa kikombe atatembea siku nzima. Mwenye bidoni anakwenda mara moja. SNMP ya zamani iliuliza kwa kikombe: swali moja, jibu moja, swali lingine. Aina iliyofuata katika miaka ya 1990 ilileta ombi linaloitwa GetBulk, linaloleta majibu mengi kwa safari moja. Kwenye kilima kinachotegemea setilaiti iliyo angani kilometa karibu 36000, swali kwenda na jibu kurudi huchukua zaidi ya nusu sekunde. Maswali 200 kwa kikombe ni zaidi ya dakika moja na nusu. Yakiwekwa ndani ya bidoni 10, ni kama sekunde 5 au 6.

Dawa ya tatu ni kuweka muulizaji karibu na anayeulizwa. Hakuna sababu kila batri ya Kivu ihojiwe kutoka Kinshasa. Programu kama Zabbix inaruhusu kuweka msaidizi katika kila mkoa. Anauliza vyombo vya jirani, na njia ya kwenda makao makuu ikikatika, anaandika majibu na kuyatunza hadi njia irudi. Hivyo hata saa za giza zinabaki na kumbukumbu.

Kuna pia dawa ya nne, na hiyo ni mbaya ingawa ndiyo nyepesi kuliko zote. Fundi aliyechoka anatazama wale 100 wasiojibu na kusema: hawa ndio wanaotuchelewesha, tuwaondoe. Anawafuta kwenye orodha. Papo hapo mzunguko unakuwa mwepesi, skrini inageuka kijani, mkubwa anafurahi na ripoti inapendeza. Ila vilima 100 vimetoweka. Havihesabiwi tena kuwa vibovu, kwa sababu havihesabiwi kabisa. Na mara nyingi vilivyokaa kimya muda mrefu ni vile vya mbali, mahali ambapo barabara ni mbaya, mazutu haifiki na watu wamekimbia au wamejificha. Mashine imepata mbio kwa kuwasahau wanaoihitaji zaidi.

Familia zilizohama zinaijua hatari hiyo. Anayekosa siku ya kuandikishwa kwa sababu alikuwa amepeleka mtoto hospitali hukuta jina lake halipo. Haambiwi kwamba amenyimwa. Anaambiwa tu kwamba hayumo.

Njia ya haki ipo, na haina gharama kubwa. Chombo kisichojibu kihamishwe kwenye foleni yake, kiulizwe na mwitaji wake, bila kuzuia wazima. Swali lipunguzwe: badala ya maswali 200, kiulizwe moja tu, uko hai? Kikiitikia, kinarudi kwenye foleni kubwa. Lakini kibaki kwenye orodha, na saa kilipoacha kujibu ionekane mbele ya fundi.

Nagios, programu nyingine ya kuchunga mitandao, ina tofauti moja ambayo kila mhami angeielewa. Haisemi tu kwamba chombo kimeanguka. Inatenganisha kilichoanguka na kisichofikika. Mnara wa kilima cha kwanza ukizimika, minara mitano iliyo nyuma yake nayo inanyamaza, ingawa ina mafuta na ni mizima. Haikufa; njia ya kuifikia ndiyo imekatika. Programu iliyofundishwa nani anapitia kwa nani inampeleka fundi kwenye kilima kimoja badala ya sita, na haitangazi kifo pasipo na kifo.

Uzito wa dakika hizo ulionekana katika mwaka 2021. Tarehe 22 mwezi wa tano, volkano ya Nyiragongo ililipuka, na tarehe 27 wakaaji wa kata 10 za Goma waliamriwa kuondoka. Wengine walielekea Sake, wengine walivuka kwenda Gisenyi, wengine walipanda mashua kwenda Bukavu. Mji ukihama hivyo, simu zake nazo zinahama kwa saa chache, na antena iliyozoea kijiji inabeba umati. Picha iliyochelewa dakika 15 ni picha ya mji ambao umekwisha kuondoka.

Programu haiwezi kuleta mazutu, wala kuzuia risasi isivunje antena. Inaweza kufanya jambo moja: kusema ukweli mapema kuhusu mahali palipo kimya. Kampuni na mashirika yanayojivunia skrini za kijani yaulizwe swali rahisi: orodha yenu ina minara mingapi, na mwaka jana ilikuwa mingapi? Kama imepungua, iliyotoka ilikwenda wapi?

Msikilizaji naye ana sehemu yake. Anayepata nafasi ya kupiga simu ya huduma kutoka mahali penye rezo asiseme tu kwamba rezo ni mbaya. Ataje jina la kilima au kijiji, tangu siku gani na saa ngapi, na kama vijiji vya jirani vinasikika. Maelezo hayo yanamwonyesha fundi kama mnara umeanguka au njia ndiyo imekatika, na yanarudisha kwenye orodha mahali ambapo mashine huenda ilikuwa imeacha kupauliza.