Walezi Wanne Kericho

Agosti tulitoka Mombasa, wanawake wanne, kwenda Kericho kujitolea kuwa walezi katika kambi ya likizo ya watoto. Mji ule uko mita 2,000 hivi juu ya usawa wa bahari, na mvua ya alasiri haikutupa nafasi ya kuanika mabuibui.

Usiku wa pili, baada ya Isha, binti mmoja alilia. Tukamrundikia mablanketi tukidhani ni baridi (kumbe waliotetemeka ni sisi). Mama yake huchuma chai, hulipwa kwa kilo. Likizoni bintiye ndiye mlezi wa wadogo zake. Sasa nani amebaki nao?

Asubuhi tulimsindikiza kwao. Kwa ridhaa ya mama, tulirudi kambini na wadogo wawili, mmoja mgongoni.