Mtu Asiyeumwa Afuata Nini Hospitali

Katika maneno yote tuliyoambiwa mwaka 2020, mwaka wa korona, liko moja lililonikaa moyoni kuliko kunawa mikono na kuvaa barakoa: kaa nyumbani, hospitali usiende ila uwe mgonjwa. Lilikuwa neno la busara, nami nililipokea kama lilivyo. Imenichukua muda, na hata leo sijui kama nimefika, kuona kwamba neno lile lilimsahau mtu ambaye haumwi lakini ana haja na hospitali kila baada ya wiki kadhaa. Mjamzito mzima wa afya, anayekula, anayelala, anayecheka, huenda kliniki kutafutiwa kitu ambacho yeye mwenyewe hakisikii mwilini. Ukimwambia asubiri mpaka aumwe, umekwisha kumwambia asiende.

Mkaza mwanangu alikuwa na mimba yake ya kwanza. Mwanangu yuko kazini Nairobi, na Nairobi ilipofungwa tarehe 6 Aprili naye akafungiwa huko. Siku mbili baadaye ikawa zamu ya Mombasa, Kilifi na Kwale. Tukabaki Likoni sisi wawili, mkwe na mkwe, tumezoeana lakini si kwa kukaa mchana kutwa tukitazamana. Kliniki alikuwa ameianzia Mji wa Kale, karibu na kwa mamake, na kwa mimba ya kwanza sikuona ajabu. Tarehe 6 Mei Mji wa Kale nao ukazuiwa, haingii mtu wala hatoki. Tarehe yake ya kurudi ikapita, kijitabu kiko juu ya kabati.

Sipendi nikisikia watu wakisema kwamba wanawake waliacha kliniki kwa ujinga. Walikuwa wakipiga hesabu. Jioni ya kwanza ya kafyu, tarehe 27 Machi, watu waliokuwa wakiwahi kuvuka pale feri ya Likoni kabla ya saa moja walipigwa virungu na kurushiwa mabomu ya machozi. Nchi nzima iliona kwenye televisheni. Sisi tuliwapokea mitaani, macho mekundu, wengine wamepoteza viatu. Waliopelekwa karantini walidaiwa gharama za kulala huko. Matatu ya abiria 14 ikawa yabeba 8, na nauli tunazijua zilivyopanda. Sasa mjamzito anajiuliza: pale langoni wakinielekezea kile kipimajoto, nikaonekana nina joto, nitarudi nyumbani lini, na kwa pesa za nani? Na akiweka hayo upande mmoja, upande wa pili aweke nini? Kufungwa kitambaa cha presha mkononi, kukojoa kwenye kikopo, kuguswa tumbo, kisha kuambiwa uko sawa, rudi mwezi ujao. Mimi ningekuwa yeye, sijui ningechagua nini.

Nilimhimiza aende, na ningependa kusema kwamba nilimhimiza kwa kujua. Ukweli ni kuwa nilimwogopa mamake. Mtoto wa watu yuko nyumbani kwangu, mumewe hayupo, likitokea la kutokea nitaulizwa mimi. Tena nilikuwa na mazoea yangu ya zamani. Miaka ya themanini, nilipokuwa nikizaa, kliniki ndiyo asubuhi pekee niliyotoka nyumbani kwa mama mkwe bila kuulizwa narudi saa ngapi. Tulikaa kwenye mabenchi mpaka adhuhuri, tukaambiana nani anakula udongo, nani mumewe hajaleta posho, nani mtoto amekaa vibaya tumboni. Nilichokuwa nikipimwa huko wala sikukiuliza. Basi ushauri wangu kwa mkaza mwanangu ulitoka hapo, kwenye woga na kumbukumbu, na kama ulikuwa ushauri mzuri, uzuri wake hautokani na mimi.

Mwishoni mwa Mei tukaenda zahanati ya karibu. Nilitarajia maneno, kwamba huyu si wa hapa, arudi alikoanzia. Nesi akakipokea kile kijitabu cha mama na mtoto, akafungua kurasa, akasoma alipoachia mwenzake wa Mji wa Kale, akaendelea. Mimi nilizuiwa langoni na wasindikizaji wengine. Mabenchi yalikuwa yametolewa, chini pamechorwa miduara ya rangi nyeupe, kila mwanamke na duara lake, wamesimama kama kete za bao zinazongoja kuchezwa. Hakuna aliyekuwa akizungumza.

Baadaye nesi akatoka kunitafuta. Barakoa yake ilikuwa ya kitambaa cha kanga, na ukitazama vizuri waona imeshonwa kwa mkono.

"Mama, wewe ndiye uliyekuja na huyu binti?"

"Ndimi."

Akanionyesha alipoandika presha yake: 148 kwa 96. Alikuwa amempima, akampumzisha, akampima tena. Akaniuliza kama nyumbani amelalamika kichwa, kama macho yamemwingia ukungu, kama uso umevimba. Nikajibu hapana kwa yote. Alikuwa ameshika pia kile kijiti cha kupimia mkojo, akanionyesha kiraba kidogo cha manjano. Hapa, akasema, pangegeuka kijani tungekuwa na neno jingine. Lakini leo hii avuke ng'ambo, aonwe na daktari, msingoje kesho.

Tulivuka, akaonwa, akapewa tembe, na tukarudi kabla ya saa moja. Tangu siku hiyo akawa anapimwa presha kila wiki. Julai njia zikafunguliwa, mwanangu akaja. Mwishoni mwa Agosti akaanzishiwa uchungu hospitali, akajifungua mtoto wa kike.

Hadithi ingeishia hapo ningekuwa na somo zuri mkononi. Lakini tuna jirani ambaye mimba yake ilikuwa sawia na ile yetu. Baada ya Machi hakuikanyaga kliniki tena. Alizaa nyumbani, kwa mkunga wa mtaani, usiku wa kafyu, mtoto mnene mwenye sauti. Wanacheza pamoja uani hao wawili, na hakuna awezaye kuwatazama akasema nani alipimiwa nini. "Mimi nilikaa kwangu," aliwahi kuniambia tukianika nguo, "waona?" Naona. Nilitaka kumjibu kwamba alikuwa na bahati, nikajizuia, kwa sababu nami sikuwa na cha kuonyesha. Presha ya mkaza mwanangu isingegunduliwa, pengine ingetulia yenyewe. Pengine isingetulia. Kliniki ikifanya kazi yake vizuri haiachi ushahidi, maana lile ililozuia halikutokea, na lisilotokea huwezi kumshindia nalo jirani.

Nimewahi kusoma kwamba Shirika la Afya Duniani lilikuwa likipendekeza mahudhurio 4 kwa mimba moja, na mwaka 2016 likapandisha yakawa 8. Sababu yake ni kwamba mahudhurio 8, yakilinganishwa na 4, yanaweza kupunguza vifo vya watoto, tumboni na wanapozaliwa, hadi 8 katika kila uzazi 1,000. Nilikaa na hesabu hiyo siku nyingi. Nane katika elfu haionekani kutoka uani kwetu. Kwa maisha yangu yote, harusi na arobaini zote nilizohudhuria, sidhani kama nimefuatilia uzazi elfu. Anayeweza kuiona ni yule nesi mwenye daftari, na nchi yenye madaftari mengi. Sisi wengine tunaombwa tuamini, na kuamini kulikuwa kugumu zaidi mwaka ule ambapo serikali hiyo hiyo inayosema njoo kliniki ndiyo iliyokuwa na virungu pale feri. Tena kliniki si kupimwa tu: hapa pwani kuna vidonge vya kukinga malaria, ambavyo mjamzito humeza pale pale mbele ya nesi. Asipokwenda, hakuna wa kumletea.

Wapo walioliona tatizo na wakafanya jambo. Daktari Jemimah Kariuki, mtaalamu wa uzazi kule Nairobi, aliona jinsi kafyu ilivyowafungia wajawazito usiku, akaanzisha mpango wa Wheels for Life: mama apige simu ya bure, azungumze na daktari, na ikiwa ni dharura afuatwe na teksi au ambulensi. Mwanangu ndiye aliyenitumia habari hiyo, nikafurahi kwamba kuna aliyefikiria. Lakini hilo lilikuwa gari la usiku, la mwenye uchungu. Huyu wa mchana, mwenye 148 kwa 96 na hasikii lolote, angempigia nani simu, aseme ana nini?

Nilidhani yamekwisha. Chanjo ya wiki ya 14 ya mjukuu ikaangukia Desemba, na Desemba wauguzi wakagoma. Lango ambalo korona haikulifunga likakutwa na kufuli, na wanawake wenye matumbo wamesimama nje na vijitabu vyao, wanasoma karatasi iliyobandikwa kisha wanageuka. Nilikasirika sana. Nikasikia wanachodai: vifaa vya kujikinga, bima ya matibabu, wenzao zaidi waajiriwe. Nikakumbuka ile barakoa ya kanga, na hasira ikabaki lakini sikujua niielekeze wapi.

Nilikutana na yule nesi sokoni wakati mgomo unaendelea. Alikuwa wa kwanza kuamkia, na kabla sijamuuliza lolote akauliza yeye: mjukuu amekwisha kuchanjwa? Nikamwambia tumempeleka kwa kliniki ya kulipia. Akashusha pumzi. "Afadhali nyinyi mna cha kulipa, mama," akasema, akarudi kuchagua nyanya.