Kule wafu walipiga kura, huku wazima hatukupiga

Leo nawaletea habari ya katuni. Katika The Simpsons, katuni ya Marekani inayojulikana dunia nzima, kuna kisa kimoja cha mwaka 1994 ambacho mchaguzi yeyote wa Kongo anaweza kukielewa bila mtafsiri. Mwovu aitwaye Sideshow Bob anatoka gerezani, anagombea umeya wa mji wa Springfield na kushinda kwa kura nyingi mno. Akiisha kukaa kwenye kiti, anaamuru barabara kubwa ipite mahali palipo nyumba ya familia ya Simpson, maadui wake wa zamani. Nyumba ibomolewe, wenyewe watafute pa kwenda.

Watoto wawili wa familia hiyo, Bart na Lisa, wanaanza kupekua majina ya waliompigia Bob kura. Majina hayo wanayakuta makaburini, juu ya mawe. Hata paka wa Lisa aliyekufa zamani alikuwa "amepiga kura". Mahakamani, watoto wanamchokoza Bob: wewe huna akili ya kupanga hila kubwa hivi, kuna wakubwa waliokutumia. Majivuno yanamshinda, anajisema mwenyewe.

Hapa Butembo niliangalia kisa hicho kwa simu pamoja na watoto, na mama mmoja aliyekimbia kutoka Rutshuru alikuwa amekaa nasi. Nilikuwa nawaeleza maneno. Watoto walicheka sana kwa sababu ya paka. Mama hakucheka. Aliniambia: "Mwanangu, kule wafu wamepiga kura. Sisi wazima, hapana."

Neno hilo lilinigusa, kwa sababu nalijua. Tarehe 30 Desemba 2018, Kongo ilipochagua rais, Butembo, Beni na Yumbi tuliachwa nje. Kwetu huku tuliambiwa sababu ni Ebola na usalama. Kadi yangu ilikuwa mfukoni siku nzima. Kule Beni watu walipanga mistari na kupiga kura yao wenyewe ya karatasi, ili ionekane kwamba wapo. Sisi tuliitwa kuchagua wabunge Machi 2019, na rais alikuwa ameisha kula kiapo tangu Januari.

Desemba 2023 ikawa zamu ya Masisi na Rutshuru, kwa sababu ya vita. Mwezi uliofuata, CENI ilifuta kura za wagombea 82, na kati ya makosa iliyoyataja kulikuwa kushika mashine za kupigia kura kinyume cha sheria. Fikirini: kuna mtu alikuwa na mashine nzima mkononi, na mama wa Rutshuru hakupata hata nafasi ya kugusa moja.

Basi naona kura inaibiwa kwa njia mbili. Kuna kuongeza majina ya wasiokuwepo, na kuna kukosa majina ya waliopo. Ya kwanza tunaiita wizi, tunapiga kelele. Ya pili inaitwa usalama, na tunanyamaza. Lakini kwa mama huyu matokeo ni yale yale: kuna mbunge anayeamua mambo ya barabara, shule na vita, na yeye hakuulizwa.

Bart na Lisa hawakuwa na silaha. Walisoma orodha, jina kwa jina. Hilo hata sisi tunaliweza. Orodha ikibandikwa ukutani, tusipite tu. Tutafute jina letu, na pia jina la jirani tuliyemzika. Na ninyi mliokimbia, tunzeni kadi, maana ndiyo kitambulisho chetu pia. Andikeni namba yake mahali pengine, iwe kwa ndugu au ndani ya daftari la mtoto. Siku wakiuliza nani anatoka Rutshuru, jina liwepo.