Saa Nane za Addis Ababa

Tiketi za kurudi kutoka Roma zilipofika, Padre mkutubi wetu aliangalia jambo moja tu: kama amepewa kiti cha kando ya njia, kwa ajili ya goti lake. Mimi niliangalia mstari wa katikati. Kutua Addis Ababa 06:40, kuondoka kwenda Dar es Salaam 14:50. Saa nane na dakika kumi.

Tulikuwa tumetumwa kikazi, siku kumi na mbili, kujifunza namna ya kupiga picha na kuhifadhi vitabu vya zamani vya ubatizo kabla mchwa na unyevu havijavimaliza. Habari za mafunzo hayo Gombera ameagiza niziandikie ripoti yake, kwa hiyo hapa sizigusi. Nataka kusimulia zile saa nane.

Usiku mmoja, nyuma ya karatasi ya ratiba, nilianza kutoa. Uhamiaji, saa moja. Viza tulikwisha kuziomba mtandaoni. Kuingia mjini, nusu saa, maana uwanja wa Bole umo ndani ya jiji lenyewe lakini magari ya asubuhi hayana huruma. Kula, nusu saa, kwa kuwa Padre hawezi kumeza dawa zake tumbo likiwa tupu. Kurudi, dakika arobaini. Na kuwa uwanjani saa mbili kabla ya kuruka. Zikabaki saa tatu na nusu. Katika hizo nilipanga kupanda milima ya Entoto, kupita soko la Mercato, kuona Ukumbi wa Afrika, kule Mwalimu Nyerere na wenzake walikoanzisha Umoja wa Nchi Huru za Afrika tarehe 25 Mei 1963, kuingia Makumbusho ya Taifa, kutembelea Kanisa Kuu la Utatu Mtakatifu na kunywa kahawa. Nikampelekea Padre karatasi.

Aliisoma yote, akairudisha. "Frateri," akasema, "ukitaka kuona vitu sita utaona dirisha la teksi."

Yeye alitaka kitu kimoja: kukaa dakika kumi katika lile Kanisa Kuu, alikozikwa Mfalme Haile Selassie. Septemba 1974, Padre akiwa kijana mseminari, walisikia redioni kwamba mfalme ameondolewa. Anasema bweni zima lilinyamaza. Nami, nilipolazimika kuchagua kimoja, nilichagua mifupa. Tarehe 24 Novemba mwaka huohuo wa 1974, miezi miwili na siku chache baada ya mfalme kuanguka, Donald Johanson na Tom Gray waliokota huko Hadar mabaki ya kiumbe wa miaka milioni 3.2 hivi iliyopita. Dunia inamwita Lucy. Waethiopia wanamwita Dinknesh, yaani wewe ni wa ajabu. Nikaangalia ramani: Kanisa na Makumbusho vyote viko upande wa Arat Kilo, si mbali kwa miguu ya kijana. Vingine vinne nikavikata.

Sababu ya kuchagua mifupa ni mdogo wangu. Ni mwalimu wa biolojia sekondari, na alikuwa msomaji wa masomo kanisani kwao. Miaka miwili iliyopita mtu mmoja mwenye sauti katika jumuiya yao alisema mbele ya watu kwamba anayefundisha watoto habari za mabadiliko ya viumbe hafai kusimama mimbarini. Hakujibu. Jumapili iliyofuata hakwenda, na hajarudi. Nilipoanza falsafa nilimtumia yote niliyoyapata: kwamba tangu 1950, katika waraka wa Humani Generis, Papa Pius XII aliruhusu utafiti juu ya asili ya mwili wa binadamu, akishikilia kwamba roho huumbwa na Mungu moja kwa moja, kwamba mwaka 1996 Papa Yohane Paulo II aliiandikia Akademia ya Kipapa ya Sayansi kuwa nadharia hiyo si dhana tu tena. Alinijibu, "Asante kaka." Basi. Nyaraka zilikuwa sahihi, lakini hakuwa ameumizwa na nyaraka.

Tulitua kwa wakati. Jambo moja lililonifurahisha mno ni saa. Roma nilichoka kueleza kwa nini kwetu siku huanza kuhesabiwa jua linapochomoza. Dereva wa Addis Ababa alituuliza turudi saa ngapi, nikamwonyesha sita kwa vidole, saa sita ya mchana, akaitikia kwa kichwa. Wao huhesabu kama sisi. Ila kalenda yao ina miezi kumi na mitatu na mwaka wao uko nyuma ya wetu kwa miaka saba au minane, kwa hiyo tulipatana saa tukaachana mwaka. Mwenye kusoma Kitabu cha 11 cha Maungamo ya Mtakatifu Augustino ataelewa kwa nini nilicheka peke yangu kwenye kiti cha nyuma.

Tulivua viatu, tukaingia Kanisa Kuu. Makaburi ya mfalme na malkia wake Menen ni ya mawe ya granaiti, mazito, kimya. Padre alikaa. Dakika kumi zikapita, ishirini, thelathini na tano. Nilisoma Masifu, nikasoma tena zaburi ileile. Sikumwambia kitu, ingawa moyoni nilikuwa nimeshaanza kumwandikia mdogo wangu kwamba muda haukutosha.

Makumbusho tulifika na dakika hamsini mkononi. Dinknesh yuko chini, na Padre alishuka ngazi moja moja akishika ukuta. Wanachokionyesha ni nakala. Mifupa yenyewe hutunzwa mbali na macho. Ni mdogo kuliko nilivyodhani, kama mtoto wa darasa la pili. Karibu asilimia arobaini ya mifupa ilipatikana, nyingine ni pengo. Nikamweleza Padre kwamba mfupa uliowekwa kuwa kielelezo rasmi cha aina hii ya viumbe hautoki Ethiopia ingawa jina ni la Afar. Ni taya la Laetoli, kwetu, mahali ambapo nyayo za miaka milioni 3.6 hivi zilifukuliwa mwaka 1978. Padre hakuwa akisikiliza taya. Alikuwa akitazama goti.

"Wamejuaje alitembea wima?"

Sikujua kueleza vizuri. Akaniomba simu, akashika kitufe cha sauti akimtumia mdogo wangu. Hawajawahi kuonana. "Mwalimu, shikamoo za wazee hatudai. Mimi ni padre, niko mbele ya huyu bibi yenu, na kaka yako hapa ameshindwa swali. Goti lake linaonyesha nini? Nauliza kwa sababu langu limekufa."

Chakula hatukula mjini. Tulinunua mkate uwanjani, Padre akameza dawa zake kwa chai. Tukiwa kwenye foleni ya ukaguzi simu ikalia: ujumbe wa sauti, dakika nne na sekunde kumi na mbili. Tuliusikiliza tumeketi mlangoni pa ndege, sikio moja yeye, sikio moja mimi. Mdogo wangu alieleza jinsi mfupa wa paja unavyoinama kuelekea ndani mpaka goti likakaa chini ya mwili, jambo ambalo sokwe hana, na kwa nini mzigo huohuo ndio unaotuchosha magoti uzeeni. Alisahau kwamba anaongea na padre; alikuwa darasani. Mwishoni akakohoa, akasema, "Samahani Baba, nimeongea sana."

Padre akaurudisha mwanzo. Walipoanza kuita abiria wa Dar es Salaam alikuwa bado anausikiliza, ameweka kiganja juu ya goti.

"Likizo yao inaanza lini?" akaniuliza.