Maji ya Kunawa Uso

Mimi ni mama wa watoto wanne. Nimezaliwa na kuolewa Kongwa, mkoani Dodoma. Natoa ushuhuda huu kwa sababu nimeona maji safi yakifika kijijini kwetu, na nikachangia kuyapoteza.

Kwetu mvua ina msimu mmoja tu. Kiangazi kikikaza tulifukua mchanga wa korongo, tukakaa na kata tukingoja maji yajikusanye. Ndoo ya lita 20 ilinimalizia asubuhi nzima. Ikifika nyumbani ni ya kunywa, ya ugali na ya mlenda. Ya kunawa uso haikuwamo. Wanangu niliwafuta macho kwa ncha ya khanga, mmoja baada ya mwingine, khanga ileile.

Kumbe ndivyo trakoma, ugonjwa wa macho, inavyohama: kwa mikono, kwa nguo, kwa nzi. Jicho likiugua tena na tena, kope hugeukia ndani na kulikwaruza mpaka giza linaingia. Mama mkwe wangu alizing'oa kope zake kwa kibano miaka mingi, lakini hakuepuka upofu. Dawa tuligawiwa, tukameza. Nyuso zikabaki chafu, ugonjwa ukarudi.

Kisha kampuni moja ikagharimia kisima kirefu, pampu ya sola, tenki na vituo vya kuchotea maji. Siku ya uzinduzi tulicheza ngoma hadi jioni. Lakini kijiji kilipopanga tulipe shilingi 50 kwa ndoo, nilisimama mkutanoni nikapinga: "Maji tumepewa msaada, tuyanunue kwa nini?" Nilipigiwa makofi. Watu wakaacha kulipa. Pampu ilipoharibika, mfuko wa maji haukuwa hata na nauli ya fundi.

Tukarudi korongoni. Siku moja nilijikuta nimeshika ncha ya khanga, namfuta macho kitinda mimba wangu. Mkono ukaniishia nguvu. Haya niliyataka mwenyewe.

Mkutano uliofuata nilisimama tena, nikaomba radhi mbele ya wote. Niliuza kuku wawili, nikawa wa kwanza kuchangia matengenezo ya pampu, na maji yakarudi. Leo mimi ni mhazini wa jumuiya ya watumia maji. Shilingi 50 zile humlipa mlinzi na kununua vipuri, na hesabu husomwa hadharani. Wazee wasiojiweza huchota bure. Hilo tulikubaliana wote.

Waliotuchimbia kisima nawashukuru kwa moyo wote. Kampuni nyingine zenye nia kama hiyo naziomba jambo moja: baada ya uzinduzi, rudini mwaka unaofuata, muulize mfuko wa maji una kiasi gani.

Kila asubuhi, kabla wajukuu wake hawajaenda shule, mama mkwe huwaita mlangoni. Yeye haoni, ila hupitisha vidole kwenye nyuso zao. Akigusa ubichi wa maji, huwaruhusu waende.