Kifundo cha Mwanangu

Mwaka jana mwanangu aliteguka kifundo cha mguu katika mchezo wa mpira. Uvimbe ulipungua, nayo picha ya mifupa haikuonyesha kasoro. Lakini baada ya miezi mitatu alikuwa bado akichechemea katika miteremko ya Bukavu, na mara kwa mara kiungo kilimkwama. Nami, wasomaji wapenzi, nikamwita mvivu.

Daktari mwingine ndiye aliyenisahihisha. Picha ile, alisema, huonyesha mfupa; gegedu halionekani. Gegedu ndilo lile tabaka jeupe lenye kuteleza tulionalo penye kichwa cha mfupa wa kuku. Halina mishipa ya damu, basi likipasuka hupona kwa shida. Akaagiza picha ya mashini ya sumaku: kipande kilikuwa kimebanduka. Mapumziko na magongo havikutosha tena. Daktari mpasuaji alikitoa kile kipande, akatoboa matundu madogo mfupani ili damu itoke na kufanya kovu la kuliziba pengo. (Kovu hilo si imara kama gegedu la asili.)

Majuma sita mtoto hakukanyaga chini. Jioni moja aliniuliza: «Baba, sasa unasadiki?» Sikuwa na jibu; nilimsogezea magongo yake.