Ulaini wa Springi

Kitu kibebacho hakina budi kuwa kigumu: hayo ndiyo maoni ya watu wengi, wala siwalaumu, kwa kuwa macho huyaona hivyo kila siku. Nguzo nene hubeba dari, na mgongo mpana hubeba gunia. Lakini motokaa si nguzo wala si mgongo. Motokaa hukimbia huku imebeba, na kitu kikimbiacho juu ya ardhi isiyo sawa huhitaji sifa nyingine iliyo adimu kuliko nguvu, nayo ni kukubali kuinama panapofaa na kurudi mahali pake bila kuchezacheza. Mkokoteni wa ng'ombe hauna springi hata moja. Kwa mwendo wa ng'ombe haudhuru, ingawa mwenye kupakia vyungu aweza kutoka nyumbani na vyungu akafika sokoni na vigae. Zidisha mwendo huo mara kumi, gurudumu lipigalo jiwe litaruka hewani. Na gurudumu lililo hewani haliongozi, haliendeshi wala halizuii.

Gurudumu la motokaa hugusa ardhi kwa sehemu ndogo ya mpira, karibu na ukubwa wa kiganja cha mtu mzima. Viganja vinne vya mpira: hivyo ndivyo vyote vilivyo kati ya msafiri na mtaro. Basi kazi ya springi si kumbembeleza abiria, kama wengi wadhanivyo, japokuwa raha ya abiria huja pamoja nayo. Kazi yake ya kwanza ni kuvidumisha viganja hivyo ardhini. Springi hulisukuma gurudumu chini lifuate shimo, na hulipisha lipande likutanapo na jiwe. Ila springi ikiachwa peke yake hudunda kama mpira wa watoto; kwa hiyo huwekewa bomba la mafuta ambalo ndani yake mna pistoni yenye matundu. Mafuta hupenya matunduni kwa taabu, na taabu hiyo huumeza mdundo. Mafundi wetu huliita bomba hilo shoki.

Mambo haya niliyasoma vitabuni zamani, lakini niliyaona kwa macho mjini Migori, juu ya uwanja wa saruji, katika kitu ambacho wazee wengi wangekiita kichezeo. Mpwa wangu ni mwanafunzi wa sekondari. Huniita nera, kama Wajaluo wamwitavyo ndugu wa mama. Shangazi yake afanyaye kazi Qatar alimletea kigari kiongozwacho kwa mawimbi ya redio, kikiwa vipande vipande sandukuni, na kazi ya kuviunga ilikuwa ya mtoto mwenyewe. Vigari vya namna hii si jambo jipya duniani. Kampuni ya Tamiya ya Ujapani ilitoa cha kwanza chake mwaka 1976, mfano wa Porsche 934, na tangu hapo wako watu wazima wenye ndevu washindanao navyo kwa bidii isiyo na mzaha. Hiki cha mpwa wangu ni mfano wa motokaa ya barabarani: urefu wake, upana wake na kimo chake ni sehemu moja katika kumi ya motokaa ya kweli. Mtoto hushika kisanduku chenye kifyatulio na gurudumu dogo. Kifyatulio huamuru mota, gurudumu huamuru usukani, na yaliyobaki ni kazi ya ardhi.

Sisi tulipokuwa wadogo tulisuka magari ya waya, tukayakatia magurudumu katika ndala kuukuu, tukayaendesha kwa waya mrefu uliotufika kifuani. Yalikuwa mazuri nami sitaki kuyadharau, lakini hayakuwa na springi.

Siku ya kwanza kigari kilikwenda mbio kama panya aliyeona paka, na kilipofika konani kikageuka kikatazama kilikotoka. Kijana mwingine angetafuta betri yenye nguvu zaidi. Huyu alitafuta daftari. Aliandika kila alichokibadili, wala hakubadili vitu viwili kwa mara moja, maana mwendo ukiwa mzuri baada ya mabadiliko mawili, mtu hajui ashukuru lipi. Alianza na kimo. Washindani wa Ulaya, juu ya zulia au lami laini, huacha nafasi ya milimita 5 tu au karibu nayo chini ya tumbo la kigari. Kwetu haiwezekani, kokoto ya milimita 5 kwa kigari ni kama jiwe la sentimita 5 kwa motokaa, na kokoto ndizo neema ya Migori. Tukatumia kibiriti kilicholazwa kuwa kipimo.

Kisha mafuta. Mafuta ya shoki za vigari ni ya silikoni, huuzwa katika vichupa vyenye namba, na namba ikiwa kubwa mafuta huwa mazito. Mazito hukituliza kigari, lakini yakipita kiasi gurudumu hukawia kushuka shimoni. Mepesi hulifanya gurudumu lifuate kila kibonde, lakini yakipita kiasi kigari hutikisika baada ya kila pigo. Jaribio lake ni rahisi, hata msomaji aweza kulifanya kwa motokaa ya jirani ikiwa jirani ni mpole. Sukuma pembe moja chini, kisha iachie. Ikipanda na kutulia, shoki ni nzima. Ikicheza mara tatu nne, shoki imekufa.

Magurudumu tuliyainamisha digrii moja au mbili, vichwa vyake vikielekea ndani, mithili ya miguu ya mvuvi atanuaye nyayo mtumbwini ili asianguke avutapo wavu. Kigari kikilalia upande mmoja konani, mpira wa nje hukanyaga ardhi kwa upana wake wote. Ya nyuma tuliyaelekeza kidogo, kama mtu atembeaye vidole vikitazamana, na mkia ukapunguza utundu.

Lakini lililotushughulisha kuliko yote ni ulinganifu wa springi za mbele na za nyuma. Chombo kikikata kona, uzito hukimbilia magurudumu ya upande wa nje. Mbele na nyuma hugawana uzito huo ukimbiao, na mgao huwa mkubwa zaidi pale penye springi ngumu zaidi. Mpira wa nje wa sehemu hiyo hugandamizwa mno, wa ndani huachwa karibu ukielea, na sehemu nzima hupoteza mshiko mapema. Ukikaza mbele, kigari hukataa kona na kwenda moja kwa moja kama mtu aliyesusa. Ukikaza nyuma, mkia hutaka kutangulia kichwa. Yaani ile sehemu uliyoikaza ndiyo iteleze kwanza! Mpwa wangu alilirudia jaribio hili mara tano kwa sababu hakuliamini, nami nilimsifu kwa kutoamini kwake.

Sasa yafaa nimtaje baba yake. Shemeji yangu huendesha Probox kati ya Rongo na Homa Bay, kupitia Rodi Kopany. Motokaa hiyo iliundwa kwa watu 5 pamoja na dereva. Safari za alfajiri alikuwa akibeba 9, hata 10, na magunia ya omena nyuma arudipo kutoka ziwani. Msomaji wa mji wa mbali asikimbilie kuhukumu; katika nafasi za wale waliozidi ndimo karo ya mtoto ilimotoka, na dawa ya bibi yake. Kwa uzito huo mkia wa motokaa ulikuwa ukilala chini hata bomba la moshi likikwaruza matuta. Fundi mmoja akamwekea springi ngumu za nyuma, na katikati ya mizunguko yake akapachika vipande vya mpira. Motokaa ikasimama mkia juu, kama bata anywaye maji. Shemeji alifurahi sana, kwa kuwa aliona ugonjwa umepona.

Mtoto aliiona motokaa uani akanyamaza. Kwetu mwana hamkosoi baba yake juu ya chombo kimlishacho. Usiku alinijia na daftari, akafungua ukurasa wa springi, akauliza, "Nera, je, motokaa ya Baba si imekuwa kama kigari changu cha siku ya kwanza?"

Ndivyo ilivyokuwa, tena kwa njia mbili zilizo kinyume. Ikiwa tupu, mkia mgumu hauna uzito wa kuukandamiza, hurukaruka juu ya kila kasoro ya barabara. Na wakati wa mvua, matrekta yatokayo mashambani yakiwa yamepaka lami udongo mweusi, mruko mmoja konani watosha. Vile vipande vya mpira navyo humzuia gurudumu kushuka shimoni, likabaki hewani pale lilipotakiwa chini. Ikiwa imejaa, uzito ulio nyuma ya ekseli ya nyuma huinua pua kama upande mmoja wa mizani, na magurudumu ya mbele, ambayo ndiyo yaongozayo na ndiyo yenye sehemu kubwa ya kazi ya breki, hukanyaga ardhi kwa woga. Na njia itokayo Rodi Kopany huteremka kuelekea ziwani.

Mtu atasema kwamba Peugeot 504 ndefu zilibeba wasafiri wa magharibi ya Kenya kwa miaka mingi nazo zilikuwa na springi nne nyuma, mbili kila upande. Ni kweli. Lakini hizo zilikusudiwa mzigo tangu zilipokuwa michoro karatasini. Tena ukumbuke Safari, yale mashindano ya motokaa yaliyoanza mwaka 1953. Mwaka 1963 matope yalikuwa makali hata motokaa 7 tu zikamaliza, na mwaka 1968 zikamaliza 7 tena. Mara zote mbili aliyeshinda ni Nick Nowicki pamoja na Paddy Cliff, katika Peugeot 404, motokaa iliyosifiwa kwa springi laini ziinamazo sana na kurudi. Ile iliyowashinda wenzake haikuwa ngumu kama jabali.

Tulikubaliana kwamba nitasema mimi, na kigari kitoe ushahidi. Umbo likipunguzwa mara kumi kila upande, uzito wake hupungua mara elfu. Abiria 5 wa ziada, kila mmoja kilo 65, ni kilo 325. Kwa kigari ni gramu 325. Tulipima mchanga huo kwa mizani ya duka la sukari, tukaufunga katika mfuko. Jumapili alasiri nikamwambia, "Shemeji, karibu utazame mchezo wa mwanao." Akaketi juu ya jerikeni.

Kigari kikiwa na springi laini na bila mzigo kilizunguka uwanja kwa adabu. Tukatia springi ngumu nyuma: kona ya pili kikajizungusha. Tukafunga mchanga mkiani: sasa kilikataa kona, na mtoto alipoachia kifyatulio kwa hofu, mkia ukaja mbele kwa ghafula, kigari kikapinduka kikaingia katika ua. Mwisho tukarudisha springi laini na mchanga ukiwa pale pale. Nilitaka hili lionekane pia. Kigari kililala kitako, kikaburura tumbo, wala hakikuwa chema hata kidogo.

"Hicho ni kichezeo," alisema shemeji.

Nilimkubalia. Si kila kitu hupungua sawasawa; kwa umbo la sehemu moja ya kumi, mambo hutokea upesi mara tatu hivi kuliko katika motokaa kubwa, na kigari kikipinduka hakuna aliaye. Lakini uzito na kona havijui kichezeo.

Alinyamaza kitambo, akalichukua daftari la mwanawe, akalisoma ukurasa kwa ukurasa. Kisha akauliza, "Na karo?"

Mtoto alitazama chini. Swali hilo halijibiwi na springi, na mimi sikutaka kumdanganya mtu aamkaye saa kumi za usiku. Nilichoweza kuahidi kutoka mfukoni mwangu niliahidi, nacho hakikuwa kingi.

Jumatano iliyofuata aliondoa vipande vya mpira, akarudisha springi za aina yake, akatia shoki mpya. Abiria amewapunguza hadi 6, ambao bado ni wawili zaidi ya haki ya motokaa ile, na mimi humwambia kila tukutanapo. Karo ya muhula ule ililipwa kwa mafungu matatu, na mwalimu aliyepokea hakusema neno. Mafuta ya kigari yalipokwisha, kichupa kipya kilitoka Nairobi, kikiwa na namba ile ile iliyoandikwa daftarini. Shemeji ndiye aliyekiagiza.